Bi Maili, Aliyeuombea Mnara Macho ya Nyongeza

Ndugu zetu, majirani, wafanyakazi wa uwanja wa ndege, na ninyi marubani mliokuja na sare zenu, familia imemteua wifi yake marehemu, huyu mnayemsikia, awasomee maisha ya mpendwa wetu, na mkimwona anatabasamu mahali pa kulia mtamsamehe, kwa sababu utani wa miaka thelathini na mitatu haufutiki kwa siku tano.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1966, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi cherehani na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1974 hadi 1980, akaingia sekondari hadi 1984, ambako hesabu alizipenda na kushona kukamshinda kabisa, aibu kubwa kwa binti wa fundi cherehani, kisha mwaka 1987 akachaguliwa kusomea uongozaji wa ndege, mwanamke pekee katika darasa la watu kumi na wanne, akamaliza wa pili, na aliyekuwa wa kwanza hakuna anayemkumbuka.

Tarehe 3 Oktoba 1988 alipanda kwa mara ya kwanza ngazi sitini na mbili za mnara wa uwanja wetu mdogo, akakuta chumba cha vioo pande zote, redio mbili, darubini moja, kitabu cha zamu na birika la chai, rada hakuna, kwa hiyo ndege iliyokuwa mbali aliijua kwa maneno ya rubani tu, na hapo ndipo palipokuwa na kazi, maana marubani wetu, mlioko hapa inamisheni vichwa, walikuwa na desturi ya kupunguza maili ili wapewe nafasi ya kutua kabla ya wenzao. Bi Maili, jina alilopewa kwa swali lake la "Maili ngapi? Nimeuliza za kweli," alijua uongo wa kila mmoja, huyu mwongezee mbili, yule tatu, na yule aliyeitwa Nimefika, kwa kuwa alitangaza kufika kabla hata hajauona mji, mwongezee nne, na hesabu hiyo aliipiga kichwani akimimina chai, wala haikumwangusha kwa miaka ishirini.

Tarehe 19 Desemba 1992 alifunga ndoa na fundi redio wa uwanja huohuo, kaka yake huyu anayewasomea, mwanaume mpole aliyekuwa akipanda mnarani kila siku kutengeneza redio nzima, mpaka mkuu wa zamu akauliza kama anayeumwa ni redio au ni fundi. Walijaliwa watoto watatu, mwaka 1994, 1997 na 2003, na wote watatu walijifunza mapema kwamba kumwambia mama huyu "nakaribia kumaliza" ni kujitafutia balaa.

Sasa tunafika Jumatano, tarehe 17 Juni 2009, siku ambayo marehemu mwenyewe aliagiza isifichwe. Wiki moja kabla yake alishuka mnarani akamkabili Nimefika mbele ya abiria, akamwambia njia ya mwongo ni fupi na ipo siku itamfikisha pabaya, naye Nimefika, kumbe, maneno yalimwingia. Asubuhi hiyo ya ukungu akiwa na abiria tisa akasema maili tano, na zilikuwa tano kweli, lakini Bi Maili kwa mazoea akaongeza nne zake, akaona nafasi ipo tele, akairuhusu ndege iliyobeba dawa iruke kuelekea upande uleule, na zikapishana karibu mno hata Nimefika akasema aliona misumari ya bawa la mwenzake. Hakuumia mtu. Marubani wote wawili walikuwa tayari kulimeza jambo hilo, mkuu wa zamu alikuwa likizo, darubini haikuona kitu, mnarani hakukuwa na shahidi, na bado marehemu aliketi akaandika ripoti ya kurasa tatu kujishtaki mwenyewe, na mstari wa kwanza ukasema, "Leo nimemwadhibu mtu kwa kusema kweli."

Aliondolewa mnarani miezi minne akapanga mafaili, lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, maana huko kwenye mafaili ndiko alikosoma kwamba kipo kifaa, si rada ya gharama kubwa, ni antena tu juu ya paa na skrini mezani, kinachopokea ishara ambayo ndege yenyewe huituma kueleza ilipo. Aliporudi kazini akaanza barua. Makao makuu wakamjibu kwamba uwanja wenye ndege kumi kwa siku hauhitaji mambo ya viwanja vikubwa, akawajibu kwamba ndege ni kumi, lakini za kugongana zinatosha mbili. Barua zilifika kumi na tisa, wenzake wakamcheka, sisi nyumbani tukamsihi apumzike, naye akasema haombi kupunguziwa kazi, anaombea mnara macho ya nyongeza.

Na yakaja! Tarehe 2 Septemba 2024 mume wake alipanda paani mwenyewe kufunga antena, skrini ikawashwa, na vinukta vikaanza kutokea vikitembea, marehemu akapiga vigelegele mnarani, jambo ambalo kitabu cha zamu hakina safu ya kuliandika. Rubani wa kwanza akaita, akasema maili nane, skrini ikasema kumi na tatu, Bi Maili akamwambia kwa upole, "Rubani, hebu hesabu tena," kikasikika kicheko angani, na tangu siku hiyo ukweli ulishamiri katika anga letu.

Lakini yalikuwa majaribio, kutazama ruksa, kuamulia marufuku, mpaka kifaa kithibitishwe, kwa hiyo miezi kumi na miwili aliandika kila ndege mara tatu, rubani alivyosema, darubini ilivyoona, skrini ilivyoonyesha, huku figo zikiwa zimeanza kumsumbua tangu 2022, akitoka kusafishwa damu na kupanda ngazi zile akipumzika kila ya kumi. Septemba mwaka huu alihamishiwa hospitali kuu, na tarehe 27 Oktoba barua ya kibali ikafika, skrini itumike rasmi kuanzia Jumatatu tarehe 10 Novemba, akaomba asomewe mara mbili, akashangilia wodi nzima ikaamka, akatuambia, "Tarehe kumi nitakuwa uwanjani, msinibishie."

Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Novemba 2025, saa tatu asubuhi, na ilituuma, bado inatuuma.

Jana, tarehe kumi, ndege ndogo ilimleta nyumbani, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuongozwa kwa skrini ile. Mume wake aliruhusiwa kuketi mnarani, akamwona mke wake akiwa bado maili thelathini na nane, mbali kuliko darubini yoyote, kinukta kimoja cha kijani, akaweka kidole kwenye kioo, akakifuata taratibu, maili kwa maili, hadi kilipogusa ardhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliovumilia maswali yake, majirani waliotuwekea maturubai, wafanyakazi wenzake na marubani, Nimefika akiwemo, aliyebeba jeneza upande wa mbele. Bi Maili, umefika, na ni maili za kweli, zamu yako tumeipokea, pumzika.