Mvua ya Chumbani kwa Mama Wegesa

Kwenye benchi la kahawa la Felistas, hapa Sirari karibu na maduka ya vifaa vya ujenzi, kuna watu watatu huwakosi asubuhi. Mimi nashona viatu pembeni yao, kwa hiyo nasikia yote. Mzee Marwa tunamwita Hakimu, maana aliwahi kukaa baraza la kata na mpaka leo kila jambo analitolea hukumu. Okello ni Forodha, amebeba mizigo mpakani miaka mingi. Emanueli tunamwita Jipsamu, kwa sababu nyumba yake ndiyo ya kwanza mtaani kuwekwa dari ya jipsamu. Mwezi uliopita Jipsamu alimleta mama yake, Mama Wegesa, kutoka kijijini Nyanungu. Mama ana kifua kibaya, na kwa ajili ya kifua hicho Jipsamu akafunga feni ya kunyonya mvuke bafuni. Asubuhi hiyo alikuja amechelewa, akashika kikombe bila kunywa.

Hakimu: Mura, kijana wangu, feni vipi?

Jipsamu: Feni haina shida. Ule ukungu mweusi wa ukutani umekauka. Tunaoga maji ya moto alfajiri, kioo hakitoi hata jasho. Shida ni Mama.

Hakimu: Kifua?

Jipsamu: Kifua nafuu. Ni kichwa, mzee wangu. Siku ya tisa leo anasema mvua inamnyeshea kitandani.

Tulitazama angani. Mvua hatujaiona wiki tatu, mahindi yameanza kukunja majani.

Forodha: Labda bati limetoboka.

Jipsamu: Hata likitoboka, mvua ya kupita hapo iko wapi?

Hakimu: Dalili ya mvua ni mawingu. Mawingu yataingiaje chumbani?

Jipsamu akapunguza sauti.

Jipsamu: Naona aibu kusema. Blanketi nimelishika, lina maji kweli. Mke wangu Ester ananiambia tumnunulie Mama nepi za wakubwa. Mimi nikamwambia, Mama, umeota. Akageukia ukutani.

Hakimu: Ndiyo maana wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Ungemleta mjini akiwa bado msichana.

Jipsamu: Akiwa msichana mimi nilikuwa wapi, mzee?

Hakimu akanywa kahawa. Forodha akasogea mbele kwenye benchi.

Forodha: Mimi bana nashuku hiyo feni.

Jipsamu: Si tuliifunga pamoja?

Forodha: Ndiyo maana naishuku. Kumbuka kule Isebania, ng'ambo ya mpaka, tulikoinunua. Muuzaji aliuliza bafu futi ngapi, ukasema saba kwa tano. Akakupa ndogo, haina kelele. Ukaikataa, ukachukua ile kubwa.

Jipsamu: Ili mvuke uishe haraka, Mama asikohoe.

Forodha: Sasa inanyonya kupita kiasi. Hewa ya nyumba inakwisha. Mtu mzee hewa ikimpungukia kichwani, anaona mambo.

Hakimu: Hewa haiishi, Forodha. Haba na haba hujaza kibaba.

Forodha: Basi inazunguka kinyume. Imezoea umeme wa kule.

Jipsamu: Niliipima kwa karatasi ya chooni. Ukiiweka kwenye wavu wake inanasa pale pale. Inanyonya vizuri kabisa.

Hata mimi nikaacha sindano, nikasema pengine ni popo wa darini wanakojoa. Jipsamu akaniambia popo hawezi kulowesha blanketi zima.

Hakimu: Sikilizeni. Mama Wegesa ameacha nyumba ya nyasi, amekuja kulala chini ya jipsamu. Mtu akiondolewa kwake, mvua ya kwao inamfuata. Kesi ya namna hii ililetwa barazani.

Forodha: Mliihukumuje?

Hakimu: Tuliiahirisha.

Jipsamu: Jumamosi nampeleka hospitali wampime kichwa. Lakini nachanganyikiwa. Ng'ombe wake wote anawataja, na rangi zao, na aliyezaliwa na nani. Halafu ikifika alfajiri, mvua.

Wakati huo alikuwa amekuja mwanamke kijana mwenye mkoba wa bisibisi na koleo. Jina lake Lilian, fundi umeme kutoka mji wa Mugumu, alikuwa na kazi ya kufunga taa kwenye duka la jirani. Alimwamkia Hakimu shikamoo, akachukua kahawa yake, akasikiliza amesimama.

Lilian: Samahani wazee wangu. Feni ikishanyonya huo mvuke, inaupeleka wapi?

Forodha: Nje.

Lilian: Nje wapi?

Forodha akamtazama Jipsamu. Jipsamu akamtazama Forodha.

Jipsamu: Juu.

Lilian: Juu ya dari, au juu ya bati?

Hakimu aliweka kikombe chini. Felistas naye akaacha kumimina.

Lilian: Ndani ya boksi hapakuwa na bomba linalokunjuka? Linafungwa nyuma ya feni, halafu linapitishwa ukutani mpaka nje.

Forodha: Lile? Mimi nilijua ni la kukinga feni isivunjike njiani. Nimelifanya bomba la moshi wa jiko kwenye banda la vifaranga.

Lilian: Na chumba cha mama kiko wapi?

Jipsamu: Kimepakana na bafu.

Lilian: Alfajiri bati ni la baridi. Mvuke ukiligusa unageuka maji.

Jipsamu alisimama, kahawa ikamwagika kwenye suruali, hakuifuta. Tulimfuata wote, hata mimi niliacha viatu vya watu chini. Lilian alizima swichi kubwa kwanza, akapanda darini na tochi. Mbao zilikuwa zimelowa. Maji yalifuata mteremko wa bati, yakakusanyika juu ya kitanda cha Mama na kudondoka kupitia tundu la taa. Lilian alisema ni bahati taa ile haikumuua mtu.

Forodha alikimbia kuleta bomba lake. Lilian akalitazama lilivyojaa masizi, akasema halifai, likanunuliwa jingine. Mpaka saa nane ukuta ulikuwa umetobolewa na mvuke unatokea upande wa migomba. Jipsamu hakushika nyundo hata mara moja. Alikuwa ameingia chumbani kwa mama yake, akafunga mlango.

Kesho yake alikuja kijiweni mapema kuliko sisi. Hakimu akamwuliza kwa upole walizungumza nini.

Jipsamu: Nilipiga magoti. Nikamwambia, Mama, mvua ilikuwa ya kweli, nisamehe.

Hakimu: Akasemaje?

Jipsamu: Akasema basi nisogeze kitanda. Halafu akasema niache kumwuliza kila asubuhi kama anajua mimi ni nani.