Msellem na Ngazi Ishirini na Moja

Assalaam aleikum, wasikilizaji wapendwa. Wekeni kazi chini kidogo. Leo tunamkumbuka Msellem bin Mjaka, mchumaji karafuu wa Madungu, tuliyemzika Jumapili iliyopita.

Msellem alianguka kutoka juu ya mkarafuu, mavuno ya mwaka 1959. Tawi lilikatika, akafikia mgongo. Tangu siku ile miguu yake haikusimama tena. Narudia: haikusimama tena.

Ilikuwapo fidia ya aliyeumia kazini. Lakini kwanza daktari akupime, aandike kwamba kweli hujiwezi. Na chumba cha kupimia kilikuwa ghorofani. Ngazi ishirini na moja. Msellem alizihesabu, maana mara ya kwanza alilala chini yake asubuhi nzima, juu ya kitanda cha kamba. Tarishi aliita jina kule juu. Mkewe, Bi Mwanakhamis, akapanda mbio. Akaambiwa anatakiwa mgonjwa, si mke wa mgonjwa. Ikaandikwa: hakufika.

Mara ya pili Bi Mwanakhamis alimwogesha, akamvika kanzu ya Ijumaa na kofia. Shemeji yake, Ahmada, akambeba mgongoni. Msellem aliona haya. Mtu mzima kubebwa na shemeji yake mbele za watu, kwetu si jambo dogo. Akamnong'oneza, "Niweke kitini upesi, kisha utoke."

Daktari alipoingia, alimkuta mtu amekaa wima, kanzu nyeupe, kofia imetulia. Akamwuliza hali. Nanyi mwatujua Wapemba. Hata roho iwe inatoka, jibu ni moja.

"Njema, alhamdulillahi."

Akaulizwa amefikaje huku juu. Akatazama sakafu.

"Nimepanda."

Ikaandikwa kwamba anaweza kupanda ngazi. Fidia ikakataliwa.

Bi Mwanakhamis, ambaye sasa yumo edani, ametusimulia: "Nilimwambia, wewe bwana, kwani ulikwenda kuposa? Akacheka. Halafu akalia mpaka kanzu ikarowa."

Baada ya hapo aliandikisha barua nne. Zote ziliomba jambo moja: daktari ashuke. Chini pana baraza, pana na benchi. Na kila mlemavu aliyepita Madungu kwenda kupimwa, Msellem alimwita dirishani kwake, akamwusia: "Hali mjibu Mola wako moyoni. Daktari mwambie mguu."

Mwezi uliopita jibu lilikuja. Kwamba Jumatatu ya wiki hii daktari atapimia barazani, na Msellem awe wa kwanza. Lakini vidonda vya mgongoni, vya kulala muda mrefu, vilikuwa vimeshakula ndani. Jumamosi alasiri akafariki. Jumapili tukamzika.

Jumatatu daktari akashuka. Kweli akashuka. Tarishi akaita, "Msellem Mjaka."

Ahmada alikuwa amesimama kando ya benchi. "Jana tumemzika, bwana," akasema.

Kisha akaitwa wa pili, Bi Kijakazi wa Kisiwa Panza, aliyevunjika nyonga shambani. Daktari akamwuliza hali. Bibi akafungua kinywa. Akamtazama Ahmada. Akakifunga, akakifungua tena.

"Siwezi kusimama, bwana."

Bi Mwanakhamis, Ahmada na jamaa wote wa Madungu, poleni sana. Mola amlaze pema. Nawe uliye na ofisi ghorofani, leo ukishuka, zihesabu ngazi zako. Na sisi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa: ukimwuliza jirani hali, akakwambia njema, usiondoke. Kaa kidogo.