Waliokalishwa Kando ya Maji

Kwa desturi yetu jina la marehemu halitatajwa leo, wala halikuchapishwa hapa. Tutamwita Bibi.

Bibi alizaliwa Yuendumu, kijiji chetu sisi wenyeji asilia huku jangwani, mwaka 1951. Serikali ilimwandikia tarehe 1 Julai, katikati ya baridi, ingawa mama yake alishikilia kwamba alimzaa wakati wa joto kali. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la tano. Mwaka 1969 aliolewa na Jakamarra (hilo ni jina la ukoo, si lake binafsi), ambaye alimtangulia kufariki, wakajaliwa watoto watatu. Alipika katika jiko la shule kwa miaka mingi, na mwaka 1987 akaanza kuchora nchi ya baba yake, yaani ardhi ya ukoo wao.

Mwaka 2016 kampuni moja ya Melbourne ilimwagiza picha ya kutundikwa kwenye ukumbi wa ofisi, iwe ishara ya maridhiano kati yetu na wafanyakazi wake. Bibi alichora kisima cha baba yake, na kando ya maji akaweka alama za upinde za watu walioketi: sisi, na wao katikati yetu. Kampuni ilikuwa na haraka. Aliituma kabla ya kumwonyesha binamu yake Jampijinpa, mtoto wa shangazi yake, ambaye ndiye mlinzi wa michoro ya nchi ile na bila idhini yake hautoki mchoro. Jampijinpa aliiona kwanza kwenye kikombe cha zawadi kutoka kampuni.

"Binamu, hawa uliowakalisha kisimani kwetu ni nani?"

"Wa kampuni."

"Wamekuja lini? Au walipita nikiwa nimelala?"

"Waliomba nao waonekane."

"Hawajaniomba hata maji ya kunywa, na wewe umeshawapa pa kukaa. Chai je, umewapikia?"

Bibi alicheka, lakini tangu hapo hakuwa na raha. Aliiomba kampuni imrudishie picha afute alama zao mpaka watakapofika wenyewe. Walimjibu kwa upole kwamba wafanyakazi wanaipenda sana ilivyo. Basi akawaalika. Kila mwaka waliahidi kuja.

Mwaka 2021 figo zilishindwa, akahamia Alice Springs kusafishwa damu, mbali na nchi yake. Hata akiwa kwenye mashine aliuliza, "Wale wageni wangu wamefika?" Alifariki huko tarehe 9 Agosti 2024.

Ameacha mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu kumi na mmoja, na Jampijinpa.

Safari hii Jampijinpa ndiye aliyewapigia simu watu wa kampuni, waje mazikoni. Wamesema watajitahidi. Ameagiza mahali pao paachwe wazi hapa mchangani, kati yake mwenyewe na sisi, kama kwenye picha, mpaka kaburi lifukiwe.

Nchi ya baba yake impokee, na huko apate utulivu.