Bi. Eufrazia Kondo na Milango ya Seva Yetu

Ijumaa, tarehe 30 Juni 2006, Bi. Eufrazia Kondo anastaafu baada ya kuutumikia Umoja wetu wa Wakulima wa Mboga kwa miaka ishirini na minane. Mimi, Hatibu wa Usafirishaji, nimemsumbua miaka kumi na tisa kati ya hiyo, kwa hiyo nina haki ya kumsema.

Alitoka Matombo, akaajiriwa mwaka 1978 kupokea simu. Ukitaka kuongea na mkurugenzi ulipitia kwake, na wapo waliokata tamaa papo hapo. Biashara ilipofunguliwa na kila mwenye lori akawa mnunuzi, wenzake wengi walipunguzwa kazi, yeye akabaki. Mwaka 1999, akiwa na miaka hamsini na mitatu, alijiandikisha darasa la kompyuta pale mjini. Siku ya kwanza alishika kipanya kama pasi ya mkaa. Miaka miwili baadaye kompyuta zote za ofisi zilikuwa mikononi mwake.

Mwaka 2003 tulikodi seva, yaani kompyuta ya kuhifadhi tovuti, iliyoko Ujerumani, ili wanunuzi wa Dar waagize mboga kwenye tovuti na ratiba ya malori ipangwe humo. Mwenye seva alitupa mashine tu. Ulinzi ulikuwa juu yetu. Hatukulitilia maanani hilo. Machi 2004 mtu tusiyemjua aliingia akafuta ratiba yote. Malori hayakupanda milima ya Mgeta kuchukua mzigo, kabichi zikalala kando ya barabara siku mbili, zikaoza.

Mama Anastasia, mkulima wetu wa siku nyingi, alikuja hadi ofisini na kwenda moja kwa moja kwa Bi. Eufrazia. "Nimeteremka mlimani mara nne na kabichi kichwani, dada," alisema. "Sasa niambie, nilikuwa nampelekea nani?" Bi. Eufrazia alilia, nilimwona. Wakulima walikuwa wameanza kusema watarudi kwa madalali, na Umoja bila wakulima ni jengo tu.

Mkurugenzi akamwita muuzaji wa faiawoli, yaani mlinzi wa kuchuja nani aingie kwenye mtandao. Kilikuja kisanduku cheusi chenye taa za kijani, kizuri kweli, na kalamu ya mkurugenzi ilikuwa imeshatoka mfukoni. Bi. Eufrazia akauliza kitakaa wapi. Hapa hapa ofisini, akajibiwa.

"Na seva iko Ujerumani," akasema. "Yaani tuweke mlinzi Morogoro alinde nyumba iliyoko Ulaya?"

Muuzaji akamalizia soda yake kwa adabu.

Wenye seva nao walikuwa na faiawoli yao, ila masharti yake yalikuwa yale yale kwa wateja wote. Bi. Eufrazia akaikataa pia. Alichagua ile inayowekwa ndani ya seva yenyewe, ya bure, ambayo masharti yake unayaandika mwenyewe. Kabla ya kugusa kompyuta alichukua karatasi, akaandika nani ana shida gani humo ndani. Wanunuzi wasome na kuagiza. Kubadili ratiba, yeye na mimi tu, tena kutoka ofisini. Wengine wote nje. Kwa bahati mbaya alisahau kuziruhusu barua pepe. Siku mbili hatukupokea hata moja, na mkurugenzi akausifia utulivu wa wiki ile.

Tangu hapo ratiba haijaguswa na mgeni. Kila asubuhi alisoma orodha ya waliojaribu kuingia wakakataliwa, mamia kwa mamia, huku akinywa chai kwa raha zake. Mama Anastasia bado anauza kupitia kwetu.

Jana mchana, kabla hatujamwomba, alikaa akalifuta jina lake miongoni mwa wanaoruhusiwa, akaandika la Winfrida anayempokea kazi. Akajaribu kuingia. Akakataliwa. "Vizuri," akasema, akachukua mkoba wake, na mimi nikashindwa hata kumtania.

Asante sana, Mama. Tutakukumbuka kuliko tunavyoweza kuandika hapa. Upumzike kwa afya na amani, ulale mpaka jua litoke. Kabichi zinafika.