Gasper Achagua Sura ya Kompyuta Isiyowaka

Msije mkaniuliza nani kanisimulia. Nilikuwepo. Nilikalia ubao uleule, mwisho wa kulia, kijiweni Kasingirima mbele ya banda la kuchaji simu, na masikio yangu hayajawahi kunidanganya. Mvua ilikuwa imekatika, tope linatiririka kuelekea ziwani, na Barutwanayo muuza kahawa ndiyo kwanza anatua birika. Gasper akaja. Tunamwita Mhandisi, si kwamba kasomea, bali alishawahi kumkosoa aliyesomea. Siku hiyo alitembea kama mtu aliyeficha yai mdomoni. Nyumbani alikuwa ameiacha kompyuta imegoma katikati ya kupandishwa toleo jipya la Linux, mfumo unaoiendesha, na ndani ya kompyuta hiyo ndimo zilimo nyimbo zote za kwaya ya mkewe Spesiosa, pamoja na sauti za waimbaji ambao leo ni marehemu. Spesiosa alikuwa mazoezini, hajui lolote. Gasper alitaka msaada, ila kuomba msaada ndiko kulikomshinda.

— Hivi jamani, alianza huku akipokea kikombe, mtu akitaka dekstopu mpya ya Linux, ile sura ya kwenye skrini yenye madirisha na vitufe, achukue ipi?

— Si wewe Mhandisi? alidakia Oswald, fundi redio tunayemwita Waya. Leo unatuuliza sisi wachomelea nyaya kwa risasi?

— Nawapima tu.

— Chukua KDE, alisema Nickson, mtumishi wa halmashauri aliyehamishiwa huku kutoka Moshi, naye hapitishi siku bila kutukumbusha. Unaipamba mpaka inang'aa. Ndiyo mambo ya mjini.

— Kwenu huko mnapamba mpaka sufuria! Waya akatema kipande cha kashata. Kompyuta ya Gasper ni kuukuu. Ukiitwika mapambo itahema kama mtu anayepanda kutoka bandarini na gunia la dagaa. Aweke Xfce, nyepesi, basi.

— Xfce! Mzee Waya, ile si sura ya ofisi ya kijiji?

— Kijiji kinafanya kazi, kijana. Ofisi yenu je?

Gasper akajipenyeza katikati.

— Na GNOME?

— GNOME wameficha kila kitu, alisema Martini, tunayemwita Bunge kwa sababu anaongea hata asichokijua mpaka kipite. Ile ni ya watu wenye siri. Una siri gani, Mhandisi?

Kahawa ikampalia Gasper. Akakohoa mpaka macho yakatoka machozi, nasi tukamwacha akohoe.

— Kwani sasa hivi ina ipi? Bunge akambana.

— Sasa hivi... ni nyeusi.

— Nyeusi namna gani?

— Nyeusi, yenye maandishi meupe. Haiendi mbele, hairudi nyuma.

Nickson akaweka kikombe chini.

— Ulizima katikati ya kupandisha toleo?

— Mimi nizime? Mimi?

— Umeme ulikatika?

— Haukukatika.

— Sasa?

Gasper akautazama mlima kama vile ndio ulioulizwa.

— Radi ilinguruma.

Hapo hakuna mwenyeji aliyehitaji maelezo. Huku kwetu radi ikilia, mkono unafika kwenye soketi kabla kichwa hakijafikiri. Mama zetu walitufunza hivyo, na mkono haujui Linux.

— Ukachomoa, alisema Waya, kwa sauti ya msibani.

— Nikachomoa. Nilipochomeka tena, ndiyo ikawa nyeusi.

— Lakini imeandikwa pale usizime! Nickson alipiga paja.

— Imeandikwa na watu wa nchi za baridi, alijibu Bunge. Radi wanaisikia redioni. Na kioo, ulifunika?

— Nilifunika. Kwa kitenge.

Nickson akacheka mpaka ubao ukatikisika. Mhandisi mzima, skrini kaifunika kama kioo cha bibi yake! Waya, ambaye kwa jambo hilo hilo angefunika hata miwani, naye akacheka ili asionekane mshamba. Gasper akakaza shingo.

— Mimi nawaambia, alisema Waya, radi imeshaingia. Hayo maandishi meupe ndiyo yenyewe, inajiandikisha.

— Acha uongo, akasema Bunge. Alama ya Linux ni pengwini, ndege wa barafu. Kasikia ngurumo, kazama ziwani. Mpelekeeni habari wavuvi wa Kagunga, ataibukia kule.

— Na akiibukia Kongo?

— Basi kompyuta itazungumza Kifaransa.

Bunge akaona bado hajatosheka, akainua kidole.

— Tena sikilizeni. Nyeusi yenye maandishi meupe ndiyo dekstopu ya wahandisi wa kweli. Picha na vitufe ni vya watoto.

Gasper akainua mabega. Uso ukamkunjuka kama aliyepewa cheo.

— Ndiyo hiyo niliyochagua! Nilikuwa nasubiri nione nani atagundua. Nyie wa mapambo endeleeni kupamba.

Alikuwa bado anatamba Spesiosa alipotokea kwenye kona, mwavuli kwapani, akitokea upande wa nyumbani baada ya mazoezi. Hajawahi kusimama kijiweni. Safari hii alisimama.

— Hamjambo, baba zangu. Baba Lyse, nimepita nyumbani, nimeiona kompyuta.

— Inapandishwa toleo, mama.

— Sawa. Kabla hujaanza, zile nyimbo ulizihamishia wapi?

Gasper akamgeukia Nickson, Nickson akatafuta KDE yake ndani ya kikombe. Waya akawa anakuna goti. Bunge, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akafunga kikao.

— Mana yanje, Mungu wangu, alisema Spesiosa polepole. Sauti ya dada yangu imo humo tu.

Akaondoka bila kufungua mwavuli, ingawa matone yalikuwa yameanza tena. Barutwanayo akainamisha birika, yakatoka mashapo tu: kahawa imekwisha.

Hapo pa kahawa kwisha nimeongeza mwenyewe. Birika lilikuwa bado nusu. Hakuna aliyenyoosha kikombe.