Kila Kabati na Komeo Lake

Benchi lile Msumari alilipigilia mwenyewe kwa mbao zilizobaki kazini, akaliegemeza kwenye ukuta wa karakana yake, pale pembeni mwa njia panda. Lakini wenye benchi hasa walikuwa Redio na Jaji, maana yeye, seremala, hukaa dakika mbili na kurudi kazini, wao hukaa kutwa. Redio ni fundi wa simu, kibanda chake ni cha pili kutoka hapo, na mdomo wake hauna kitufe cha kuzimia. Jaji alikuwa karani wa mahakama mpaka akastaafu, na hata akiomba sukari utadhani anasoma hukumu. Asubuhi hiyo muuza kahawa alikuwa ameshamimina vikombe, na Msumari amekaa katikati yao, mapajani ana makomeo madogo ya chuma anayapaka mafuta.

— Hayo ya wapi tena? Redio akauliza. Makabati si umeyamaliza?

— Bado la nguo.

— La nguo! Mtoto atakula shati?

— Mna vile vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu. Mtoto akiviona, kwake ni peremende.

Redio akapiga funda la kahawa, akaacha utani. Wote pale kijiweni waliyajua yaliyompata mwenzao. Msumari alikuwa na mazoea ya kumimina tina, ile ya kuchanganyia vanishi, kwenye chupa ya soda na kuiweka chini ya sinki jikoni. Binti yake alimwambia zaidi ya mara moja: “Baba, ile chupa iondoe, huyu mtoto sasa anatembea.” Naye akacheka: “Nyinyi wote mmekulia humu humu, nani alikufa?” Siku binti alipomwachia mtoto ili atoke kidogo, Msumari alikwenda mlangoni kuzungumza na mteja. Aliporudi, kizibo kiko sakafuni na mjukuu wake, yule anayemwita mzee mwenzangu, anapaliwa, midomo inanuka kazi ya babu yake. Kwa kihoro akampa maziwa, akambembeleza ayamalize, mpaka mtoto akatapika yote. Hospitalini daktari akasema aliyekunywa tina hatapishwi, maana ikirudi ndipo inapoingia mapafuni. Mtoto alipona. Ila akikimbia kidogo tu, kifua kinalia kama mlango usiotiwa mafuta. Mama yake alimchukua, na tangu hapo hajakanyaga nyumbani kwa baba yake.

— Tuanze upya, Jaji akasema. Pembe za meza?

— Nimezikata, zote ni mviringo.

— Soketi za umeme?

— Nimeziziba.

— Ngazi ya nyuma?

— Ina kigeti. Hata mimi kinanisumbua kukifungua.

— Hapo ndipo mnapokosea, Redio akadakia. Vitu vyote vining'inizwe darini, kwa kamba na kapi. Ukitaka sufuria, unaishusha. Ukimaliza, inapanda juu. Chini panabaki peupe kama uwanja wa mpira.

— Na kamba zenyewe? Jaji akauliza. Mtoto si atajinyonga?

— Basi mtoto ndiye aning'inizwe!

Muuza kahawa akacheka hadi birika likamtikisika mkononi. Msumari naye akacheka, kicheko kifupi.

— Mahakama inakataa, Jaji akasema. Nyumba yote ivikwe sponji, ukutani, sakafuni, mpaka mlango. Mtu aishi kama yuko ndani ya godoro.

— Mtoto ataitafuna sponji. Mvishe njuga miguuni, na mbwa apate zake, na paka. Kila kiumbe kisikike kilipo.

— Kelele hizo zitampasua masikio. La, mzee, dawa ni moja tu: mtu mzima atambae. Apige magoti humo ndani aone anachokiona mtoto.

— Nimetambaa, Msumari akasema.

Redio akaangua kicheko, akamtazama usoni, akakikatiza katikati.

— Nimetambaa kutoka chumbani mpaka jikoni. Miaka yote hii ninaishi mle, sikuwahi kujua. Ukiwa chini vile, chini ya sinki ndiko macho yanakofikia kwanza. Ile chupa ilikuwa inamtazama usoni.

Hapo akatokea mwanamke mgeni wa mtaa ule, kambeba mtoto mgongoni, mkononi ana ubavu wa kitanda cha mtoto uliovunjika ufito mmoja.

— Shikamooni. Nimeambiwa fundi yuko hapa.

— Marahaba, mwanangu. Lete nione.

— Umefika kwa bingwa, dada, Redio akamwambia. Huyu kaitengeneza nyumba yake, kwa ajili ya mjukuu, hata nzi akiingia haumii.

— Hongera, baba. Na mjukuu anakuja lini?

Redio akachungulia ndani ya kikombe chake. Jaji akakohoa kikohozi kisichokuwepo. Msumari aliendelea kuupapasa ule ufito uliovunjika.

— Sijui.

— Mama yake amesemaje?

— Sijamuuliza. Huwa namtumia picha kwenye simu. Komeo hili, geti lile. Anaziona, hajibu.

Mwanamke akampandisha mtoto vizuri mgongoni, akaona aibu kwa kuuliza.

Msumari akayaweka makomeo benchini, akaingia karakanani, akasimama nyuma ya mbao zilizosimamishwa ukutani, akampigia binti yake. Simu iliita sana kabla haijapokewa.

— Baba.

— Mwanangu. Ile chupa, uliniambia.

Akaibana simu sikioni.

— Uliniambia, nami nikakucheka. Na yale maziwa nilimpa mimi, wewe hukuwepo. Nisamehe.

Alisikia pumzi ya binti yake, na nyuma yake sauti ya mtoto inayojaribu kucheka, ikakatwa na kikohozi.

— Anakutaja, binti akasema mwishowe. Akiona mlango wowote wa mbao, anasema babu.

Msumari akashika ubao uliokuwa karibu naye.

— Jumapili nitakuja, Baba. Mimi peke yangu.

— Njoo, mama. Njoo tu.

Alipotoka nje, wote walikuwa wanamtazama, hata muuza kahawa aliyekwisha kufunika birika lake.

— Anakuja? Redio akauliza.

— Mama yake anakuja.

— Na mtoto je?

Msumari akauchukua ule ubavu wa kitanda, akaulaza juu ya meza ya kazi.

— Mama yake anakuja, akarudia, akaanza kuung'oa ufito mbovu polepole, asije akaziharibu fito zilizobaki.