Nusu Dola ya Mzee Keith

Jumapili baada ya ibada, benchi la mbele ya duka la mikate karibu na stesheni ya Auburn, Sydney, huwa halina nafasi ya mgeni. Mugambi, anayeitwa Waziri kwa kuwa hakuna jambo asilolitolea tamko, hukaa upande wa kivuli. Rodrigue wa Goma, mpakiaji wa ghalani, hukaa katikati na simu anayotafutia kila jibu, ndiyo maana wakamwita Maktaba. Pembeni, chupa ya kahawa ya tangawizi mapajani, hukaa Katungu wa Butembo, Mama Jivu. Jina hilo alilipata kwa haki: watu wakichoma nyama bustanini, yeye hukusanya majivu ya mkaa akasugulie sufuria zake, mpaka ziwe kama kioo, ukitaka unachania nywele humo. Jumapili hiyo aliimimina kahawa nje ya kikombe, na Katungu si mtu wa kumwaga kahawa.

— Mama Jivu, leo mkono umekataa kazi, alisema Waziri. Kuna nini?

— Ni ule mzee wangu wa Merrylands, mwenye ninamuangaliaka kwa kazi. Mzee Keith. Macho yake imekwisha. Iko na nusu dola ya Amerika, ya feza, ya mwaka 1836. Baba yake njo alimuachia. Anasema ni proof. Kesho fundi wa pesa za zamani anakuja kuiangalia.

— Proof si ni ushahidi? aliuliza Waziri. Ushahidi wa nini? Aliiba ama aliibiwa?

— Attendez, alisema Rodrigue, kidole tayari kiko kwenye simu. Proof ni namna ya kutengeneza. Walisugua muhuri wa kugongea pesa, wakasugua na feza yenyewe, kisha wakaigonga zaidi ya mara moja. Njo maana inakuwa sawa kioo. Haikuwa ya kununua mkate. Ilikuwa ya kuonyesha wakubwa. Za miaka ile ziko kidogo sana.

— Pesa ya kuangaliwa tu? Wacha! Hiyo walitengenezea wapelelezi, buda. Unaielekeza juani imulike, unatuma ujumbe mpaka London.

— Mwaka 1836?

— Kwani jua halikuwako?

Hata Katungu alicheka, ila kicheko hakikukaa.

— Na fundi anajua namna gani kama ni ya kweli? aliuliza.

— Anailambisha paka, alisema Waziri. Paka akikunja sura, hiyo ni feki.

— Anaangalia kama kingo zimesimama wima, Rodrigue alisoma. Kisha rangi. Feza ya zamani inavaa rangi polepole, kijivu, buluu, na watu wanaipenda vile. Voilà, sikilizeni: kuna wadanganyifu wanachukua pesa ya kawaida, wanaisugua mpaka inang'aa, wanasema ni proof. Fundi akiona mikwaruzo ya kusugua, anajua mwenye nayo ni muongo.

Katungu aliweka kikombe chini. Alhamisi, aliposikia kwamba mgeni anakuja, alifanya jambo ambalo mama yake angelifanya. Kwao mgeni hakuti chombo kichafu. Aliitoa sarafu kwenye kisanduku, akaiona nyeusinyeusi na buluu pembeni, akaona aibu kwa niaba ya mzee. Akachukua majivu na ndimu. Ilipong'aa aliirudisha kimya, ili sifa zitoke kinywani mwa mgeni mwenyewe. Sasa roho ilimuuma. Maisha yake yote Mzee Keith amewaambia watu kwamba baba yake hakumdanganya, na mwanawe humcheka. Kesho mwana huyo atacheka mbele ya fundi.

— Na kama mtu aliisafisha tu, kwa moyo muzuri? aliuliza.

— Sasa ni nani mjinga wa...

Waziri hakumaliza. Aliviangalia vidole vya Katungu vilivyozoea majivu, kisha akamwangalia Rodrigue.

— Aki, Mama Jivu!

— Usiseme kitu, alinong'ona Rodrigue. Agency ya kazi yako wakisikia uligusa kitu ya client, wanakutoa.

— Sema ilijisafisha yenyewe, alisema Waziri. Hewa ya Sydney ina chumvi.

— Sema mwizi aliingia, alisema Rodrigue.

— Mwizi wa kusafisha?

— Wa vile wako!

Apondi, muuguzi aliyehamia mtaani juzijuzi, alikuwa ametoka stesheni na sare yake ya kazi, akasimama kungoja kahawa. Aliwasikiliza mpaka wakaishiwa.

— Samahani, mama, alisema. Kabla haijasuguliwa, nani aliiona?

Mzee haoni. Mwanawe hajawahi kuomba aonyeshwe. Rodrigue aliifungua simu, akaifunga. Waziri akamgeukia Katungu: aliyeiona ni yeye tu.

Katungu alimmiminia Apondi kilichobaki, akafunga chupa, akasimama.

— Unaenda wapi? aliuliza Waziri.

— Merrylands. Nimuambie leo, mbele fundi hajafika. Na kesho nitasimama pale niseme ilikuwa na rangi gani, na ni mimi njo niliisugua.

— Leo si shift yako.

— Ninajua.

— Na watakufuta kazi, Mama.

— Wanaweza. Lakini ule mzee haiko na proof ingine. Iko mimi tu.

Waziri aliichukua ile chupa tupu mkononi mwa Katungu, akamsindikiza mpaka mlangoni mwa stesheni.